Ramani Ianzie Chini: Namna ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Mahali na Ramani

Katika madarasa mengi ya Uganda, somo la ramani huanza ukutani. Mwalimu hutundika chati ya nchi, watoto hukariri kwamba ramani ni mchoro wa kitu kama kinavyoonekana kutoka juu na kwamba picha ni mchoro wa kitu kama kinavyoonekana kutoka ubavuni, kisha hutaja pande nne za dunia kwa sauti moja, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Mtoto aliyepitishwa njia hiyo anaweza kupata alama zote katika mtihani na bado akashindwa kuonyesha kaskazini akiwa amesimama uwanjani, au kumweleza mgeni namna ya kufika kwao kutoka stendi ya bodaboda. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Ramani ianzie chini, kwenye udongo na sakafu, katika eneo ambalo mtoto amelikanyaga kwa miguu yake, na ipande ukutani baadaye, mtoto akiwa tayari ametengeneza ramani zake mwenyewe.

Umeandikwa kwa ajili ya walimu wa chekechea na wa darasa la kwanza hadi la nne, pamoja na wazazi wanaotaka kufanya mazoezi haya nyumbani. Mtaala wa mada, ambao ulianza kutumika katika darasa la kwanza mwaka 2007, unaunga mkono mpangilio huu, kwa kuwa unaanza na shule, ujirani, nyumba na jamii, na unataka mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha anayoielewa. Darasa la nne ndipo Masomo ya Jamii yanapoingia wilayani, la tano yanaitazama Uganda nzima, la sita Afrika Mashariki, na la saba bara la Afrika. Mtoto anayefika darasa la nne bila kuelewa ramani ya chumba chake hulazimika kukariri miaka minne inayofuata. Mifano yangu mingi ni ya Jinja, ambako nafundisha. Msomaji wa Mbale, Bombo, Arua au Kasese aweke milima, mito na masoko ya kwao.

Maneno ya mahali kabla ya mchoro

Mtoto mdogo hupata kwanza maneno kama ndani, juu na chini, halafu kando, kati, mbele na nyuma. Kulia na kushoto kwa mwili wake mwenyewe huja baadaye, kwa wengi wakiwa na miaka sita au saba, na kulia na kushoto kwa mtu aliyemkabili huchelewa zaidi. Haifai kumkemea mtoto wa chekechea kwa sababu ya mkono wa kushoto aliouinua badala ya wa kulia.

Mazoezi ya maneno haya hayahitaji gharama. Chukua kizibo cha soda, kikombe na kiti, kisha mwambie mtoto aweke kizibo chini ya kiti, kati ya kikombe na ukuta, ndani ya kikombe, nyuma ya mlango. Baada ya siku chache geuza kazi, ili mtoto awe mtoa maagizo na wewe uwe mtendaji, na ufanye sawasawa na anavyosema hata kama unajua alikusudia kitu kingine. Kisha ficha kizibo na umuulize mmoja aliyekuona kiko wapi, huku mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo. Kuzuia mikono ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu mtoto anayeruhusiwa kunyoosha kidole hutosheka kusema "pale", na neno hilo haliwezi kuandikwa kwenye ramani wala kusemwa kwenye simu.

Neno "mbele" linastahili muda wake. Nyumba ina mbele yake, nako ni mlangoni, gari lina mbele yake, mwembe hauna. Waambie watoto wasimame mbele ya mwembe nawe ukiwa mbali kidogo, na huenda wakagawanyika, wengine wakisimama kati yako na mti, wengine upande wanaouona wao kuwa wa mbele. Usiwasahihishe upesi. Waulize kila kundi lilifikiri nini, na wataanza kutambua kwamba baadhi ya maneno hutegemea mahali msemaji aliposimama. Hapo ndipo haja ya kaskazini na kusini inapozaliwa, maana pande hizo hazibadiliki mtu anapogeuka.

Kwa kulia na kushoto, funga kipande cha kamba ya mgomba kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa kila mtoto, na kwa wiki mbili au tatu sema "mkono wenye kamba ni wa kulia". Njia iliyozoeleka ya kusema kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula au wa kuandikia huwapotosha watoto wanaotumia kushoto, na huwaaibisha bila sababu. Unapoonyesha mwenyewe, wape watoto mgongo na utazame wanakotazama wao. Mwalimu anayesimama akiwakabili na kuinua mkono wake wa kulia huwafundisha watoto kuinua wa kushoto, kwa sababu wao humuiga kama kioo.

Chumba kidogo kinachosimamia chumba kikubwa

Kuelewa ramani ni kuelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa chekechea anaweza kulirudia. Mtoto alionyeshwa mfano mdogo wa chumba, wenye samani ndogo, akaona mwanasesere mdogo akifichwa mahali fulani humo, kisha akaambiwa amtafute mwanasesere mkubwa aliyefichwa mahali pale pale katika chumba halisi. Wengi wa watoto wa miaka mitatu walimpata mara moja. Watoto wa miaka miwili na nusu walikumbuka vizuri alipofichwa yule mdogo, lakini katika chumba halisi hawakujua pa kuanzia. Tofauti ya miezi michache tu ilikuwa imefungua mlango, na kwa hiyo mtoto wa darasa la chini la chekechea yuko tayari kuanza.

Tafuta boksi la kadibodi, likate upande mmoja wa juu, na upange ndani yake darasa au chumba cha nyumbani: viberiti viwe madawati au kitanda, kipande cha kitambaa kiwe mkeka, kizibo kiwe ndoo ya maji. Kata mlango na madirisha mahali pake. Weka boksi katikati ya chumba likielekea kama chumba chenyewe, mlango wake upande wa mlango. Ficha punje ya haragwe ndani ya boksi, na kitu kikubwa zaidi mahali panapolingana chumbani, kisha mtume mtoto mmoja akakilete. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, mchezo ukishazoeleka, zungusha boksi kidogo uone nani atalirudisha lilivyokuwa kabla ya kwenda kutafuta. Mtoto anayeligeuza kwanza amekwisha kujifunza jambo ambalo watu wazima wengi wenye ramani mkononi hawalifanyi.

Kutazama kutoka juu

Mtoto akiambiwa achore kwao, huchora nyumba yenye ukuta, mlango, paa na pengine mti pembeni, yaani anavyoiona akiwa amesimama uani. Akichora barabara, mara nyingi hulaza nyumba pande zote mbili, paa za upande mmoja zikielekea juu ya karatasi na za upande wa pili zikielekea chini. Huo si uzembe, wala usiutie alama ya kosa. Ni hatua ya kawaida, na itapita yenyewe mtoto akishapewa nafasi nyingi za kutazama vitu kutoka juu.

Njia rahisi ni kufuatisha. Kikombe, kitabu, kopo la rangi, sahani na kiatu viwekwe juu ya karatasi au udongo laini, na mtoto avizungushie kalamu au kijiti. Ondoa vitu, changanya michoro, na uwaache watoto warudishe kila kitu kwenye alama yake. Baadaye mchoro ufanywe bila kufuatisha: kikombe kiwekwe sakafuni, mtoto asimame juu yake akichungulia, na achore anachokiona. Atachora duara, na pengine duara ndani ya duara, na atashangaa kwamba kikombe kirefu na kifupi vinafanana. Mahali penye kilima au ghorofa ya shule iliyo salama, wapeleke watazame paa za mabati chini yao.

Mzazi mwenye simu janja anaweza kufungua picha za setilaiti na kumwonyesha mtoto paa la kwao, uwanja wa shule na barabara ya lami. Nashauri afanye hivyo baada ya mtoto kuwa amechora mwenyewe, kwa sababu picha iliyo tayari humwondolea kazi ya kufikiri ni nini kitaonekana na ni nini kitafichika.

Ramani ya darasa

Ramani ya kwanza ya kweli iwe ya chumba mnachokaa. Chora umbo lake sakafuni kwa chaki, au uwanjani kwa jembe, kubwa kiasi cha watoto kuweza kusimama ndani yake, na uwaulize kila kitu kiende wapi. Mlango uwekwe kwanza, ubao wa pili, madirisha yafuate, na madawati yawe ya mwisho, maana ndiyo mengi na ndiyo huwachanganya. Kila mtoto asimame mahali pa dawati lake katika mchoro. Katika darasa lenye watoto themanini au zaidi, chora maumbo manne, kila kundi lishughulikie lake, na makundi yakaguane.

Watakapohamia kwenye karatasi, tumia daftari la hesabu lenye miraba. Mtoto apige hatua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kila hatua iwe mraba mmoja. Kutatokea ugomvi, na ugomvi huo ni mzuri sana: mmoja atapata hatua kumi na mbili, mwingine kumi na tano, na kila mmoja atasema mwenzake amekosea. Waache wabishane, kisha lete kamba yenye fundo kila mita moja na mpime upya pamoja. Wazo la kipimo cha ramani huingia hapo bila kulazimishwa, na neno lenyewe linaweza kusubiri hadi darasa la nne. Mwalimu mwenyewe akumbuke tu kwamba kanuni ni ile ile katika ramani kubwa za serikali; katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi.

Pande za dunia chini ya jua la ikweta

Hapa ndipo vitabu vya kigeni vinapowapoteza walimu wetu. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Uingereza huwaambia watoto wasimame nje adhuhuri na kwamba kivuli chao kitaonyesha kaskazini. Uganda inakatwa na ikweta, ambayo huvuka barabara ya Kampala na Masaka pale Kayabwe, na hata Jinja iko kiasi cha kilomita 50 tu kaskazini yake. Kwa hiyo jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni, na kivuli huangukia kusini. Mwezi Desemba jua huwa kusini na kivuli huangukia kaskazini. Na karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba jua hupita utosini na kivuli hujificha chini ya miguu. Mwalimu atakayefundisha kwa kivuli cha adhuhuri bila kulijua hili atakuwa sahihi nusu ya mwaka na atapotosha nusu nyingine.

Asubuhi na jioni ndizo saa zetu nzuri. Kwenye paredi ya asubuhi waambie watoto wanyooshe mkono wa kulia kuelekea linakochomoza jua, bila kulikodolea macho, na wa kushoto kuelekea linakotua. Uso umeelekea kaskazini, mgongo kusini. Rudia kwa siku nyingi, mahali pale pale, na jioni kabla ya kuondoka waonyeshwe kwamba vivuli vimehama kutoka magharibi hadi mashariki. Kwa watoto wadogo hilo linatosha. Mwalimu ajue hata hivyo kwamba jua huchomoza mashariki kamili karibu na zile tarehe za Machi na Septemba tu. Mwezi Juni huchomoza takriban nyuzi 23 kuelekea kaskazini, na Desemba kiasi hicho hicho kuelekea kusini.

Ukitaka mstari wa uhakika wa kuweka kwenye uwanja wa shule, tumia kijiti. Simika kijiti kilichonyooka, cha urefu wa mita moja, mahali tambarare pasipo na kivuli cha miti. Katika sehemu kubwa ya Uganda jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba na robo mchana, kwa kuwa saa zetu hufuata mstari ulio mashariki mwa nchi. Kwa hiyo weka jiwe kwenye ncha ya kivuli saa sita kamili, na jiwe la pili kwenye ncha ya kivuli saa saba na nusu. Mstari unaounganisha mawe hayo mawili huenda magharibi hadi mashariki, jiwe la kwanza likiwa upande wa magharibi. Chora mstari mwingine unaoukata kwa pembemraba, nawe umepata kaskazini na kusini. Watoto na wayapange mawe makubwa juu ya mistari hiyo, wayapake chokaa, na waandike herufi za pande zote nne. Alama hiyo itakaa miaka mingi, na kila somo la ramani litaanza kwa kusimama juu yake.

Msikiti nao hutoa msaada ambao walimu wachache huutumia. Kutoka Uganda, Makka iko kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, hivyo mtoto anayeswali anajua tayari kaskazini iko wapi, ingawa anaifahamu kwa jina la kibla. Mwombe awaonyeshe wenzake. Mahali pengine ardhi yenyewe ndiyo dira: katika mji wa Jinja, Mto Nile uko magharibi na Ziwa Victoria liko kusini; Mbale, Mlima Elgon uko mashariki; Fort Portal, milima ya Rwenzori iko magharibi. Alama kubwa kama hizo, ambazo mtoto huziona kila siku, zitamkaa akilini kuliko mshale uliochorwa pembeni mwa karatasi.

Matembezi na ramani ya njia

Kabla ya matembezi ya ujirani, pita njia mwenyewe, uchague mzunguko usiozidi nusu saa, na upate ruhusa ya mwalimu mkuu pamoja na kumjulisha mwenyekiti wa kijiji. Watembee kwa mstari upande wa kulia wa barabara, wakikabili magari yanayokuja, kwa kuwa magari yetu huenda kushoto. Na kabla ya kuvuka watazame kulia, kushoto, na kulia tena. Kila kundi la watoto watano liwe na kazi moja: wengine wahesabu hatua kati ya kona na kona, wengine waandike kila mlikogeukia, wengine wachore alama za njiani.

Suala la alama za njiani ndilo kiini cha matembezi. Watu wa kwetu huelekezana kwa alama, mara chache kwa namba ya nyumba au jina la mtaa, na mtoto anastahili kufundishwa ustadi huo kwa uzito wote. Anapotaja alama, muulize kama itakuwepo kesho. Bodaboda iliyoegeshwa itaondoka, mbuzi aliyefungwa atahamishwa, mama anayeuza kabalagala huja asubuhi tu. Kisima cha bomba, kanisa, msikiti, mvule mkubwa, kituo cha afya na njia panda vitakuwepo. Mtoto wa miaka mitano anayeweza kusema "nyumbani kwetu ni nyuma ya kisima, mlango wa pili kutoka msikitini", pamoja na jina la kijiji na la mzazi, ana ulinzi mkubwa siku atakayopotea sokoni au kwenye umati wa sikukuu. Zoezi hili wazazi walifanye wakiwa njiani na watoto: siku moja mzazi ajifanye amesahau njia ya kurudi, na mtoto aongoze.

Darasani, njia ichorwe kwanza kama mstari mmoja wenye kona, na alama zipangwe kwa mfuatano. Wachague wenyewe ishara: msalaba kwa kanisa, mwezi na nyota kwa msikiti, tone kwa kisima, duara lenye matawi kwa mti. Watoto wa makundi tofauti wakibadilishana ramani, watakuta hawaelewi ishara za wenzao, nao watadai maelezo. Hapo wape neno ufunguo wa ramani, na muafikiane darasa zima juu ya ishara moja kwa kila kitu. Rangi za kawaida zielezwe pia: buluu kwa maji, kijani kwa msitu.

Mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu ashiriki kikamilifu. Gundisha uzi wa katani kwenye kadibodi uwe njia, maharage yawe nyumba, kitambaa cha kukwaruza kiwe uwanja, naye atasoma ramani kwa vidole. Watoto wengine nao huipenda ramani hiyo, na mara nyingi huielewa haraka kuliko ile ya kalamu.

Kutoka udongoni hadi ukutani

Ramani ya wilaya au ya nchi inapoingia darasani, isitundikwe kwanza. Ilaze sakafuni au juu ya madawati yaliyounganishwa, uizungushe hadi kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli mliyoiweka uwanjani, na watoto wasimame kuizunguka. Kutoka Jinja, Kenya iwe kweli upande wa mashariki, Tanzania ng'ambo ya ziwa kusini, Rwanda kusini-magharibi, Kongo magharibi, na Sudan Kusini kaskazini. Kwa wiki kadhaa ramani isomwe hivyo ikiwa imelala.

Sababu yake ni nzito. Ramani iliyotundikwa huwafundisha watoto kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, na dhana hiyo ni ngumu kuing'oa. Mto Nile huonyesha hatari yake waziwazi. Unatoka Ziwa Victoria hapa Jinja, unaelekea kaskazini hadi Ziwa Kyoga, unapita Karuma, unaporomoka Murchison, unaingia Ziwa Albert, kisha unavuka mpaka kwenda Sudan Kusini, Sudan na Misri. Kwenye chati ya ukutani maji yanaonekana yakipanda, na watoto wenye kufikiri watakuuliza inawezekanaje. Waambie ukweli: uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Albert uko kidogo juu ya mita 600, kwa hiyo mto unateremka wakati wote unapokwenda kaskazini. Mimina maji kwenye bati lililoinamishwa kuelekea kaskazini, na hoja itakuwa imekwisha.

Chati za kununua zikaguliwe kabla ya kutumiwa. Zilizochapishwa kabla ya Julai 2011 huonyesha Sudan kuwa jirani wetu wa kaskazini, kwa kuwa Sudan Kusini ilikuwa haijapata uhuru. Zilizochapishwa kabla ya Oktoba 2018 hazina daraja jipya la Jinja, nyingi hazina wilaya zilizoundwa karibuni, na Jinja yenyewe ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Usizitupe, waache watoto wakubwa watafute kinachokosekana. Shule isiyo na fedha ya chati inaweza kutengeneza yake kwa gunia la sukari lililofuliwa, lililokatwa na kutandazwa, na rangi za mafuta. Gunia hudumu kuliko karatasi ya manila na haliogopi mvua inayopenya dirishani.

Watoto wa umri huu pia huona ugumu kukubali kwamba mtu anaweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukiwauliza kama wanaishi Uganda, wapo watakaojibu kwamba hapana, wanaishi Jinja. Tumia vyombo vinavyoingiliana: kiberiti kiwe nyumba, kiingie katika kopo la kijiji, kopo liingie katika ndoo ya kaunti ndogo, ndoo katika boksi la wilaya, na boksi katika gunia la nchi. Mtoto aweke jina lake ndani ya kiberiti, afunge vyote, kisha afungue kimoja kimoja akitaja yupo wapi.

Kupima kama wameelewa

Swali la "ramani ni nini?" halipimi chochote kwa mtoto wa miaka saba. Mpe badala yake mchoro wa uwanja wa shule wenye alama moja ya msalaba, na umtume akalete bahasha iliyofichwa hapo. Mpe mchoro wa darasa uliogeuzwa juu chini na uone kama ataugeuza. Mwombe achore njia ya kutoka langoni hadi chooni kwa ajili ya mwanafunzi mgeni, na mgeni huyo aitumie kweli. Katika darasa la tatu au la nne, chora miraba yenye herufi upande mmoja na namba upande mwingine juu ya ramani ya uwanja, na watoto watafutiane vitu kwa kusema "C4" au "A2". Kazi hii ni nyepesi kwa aliyepitia hatua zilizotangulia na haihitaji zaidi ya kipindi kimoja. Anayeshindwa katika zoezi lolote arudishwe hatua moja nyuma, kutoka kwenye karatasi hadi sakafuni, au kutoka sakafuni hadi kwenye boksi, na ajaribu tena wiki inayofuata.